Hewa Haikufichwa na Wepesi Wake

Miongoni mwa rai zilizoenea kwa watu waliosoma na wasiosoma, zikakaa muda mrefu pasi na kutiwa shaka hata zikavaa heshima ya ilimu, imo hii isemayo kwamba hewa haionekani kwa sababu ni nyepesi mno, chembe zake ni ndogo kupita kiasi, nazo zimeachana mbalimbali, kwa hiyo jicho la binadamu hupita katikati yake bila kukuta kitu cha kulizuia. Mwalimu humpa jawabu hili mtoto aulizaye, mzazi humpa mwanawe, na barazani hulitoa yeyote apendaye kukata maneno upesi. Na kwa kuwa lina sura ya akili wala halimgharimu asemaye taabu yoyote, limepita kutoka kizazi hadi kizazi likihesabiwa kuwa jambo lililokwisha. Makusudi ya makala hii ni kuonyesha kwamba halikwisha, kwamba sababu itajwayo siyo iliyoleta matokeo, na kwamba mwenye kuishikilia hawezi kueleza mambo ya kawaida kabisa yatendekayo ndani ya chupa ya mkemia, mdomoni mwa birika la chai, na katika jua linapotua.

Insafu yataka hoja ya mpinzani isemwe kwa nguvu zake zote kabla ya kujibiwa, nami nitaisema. Lita moja ya hewa ina uzito wa gramu moja na kitu, ilhali lita moja ya maji ina gramu elfu, tofauti ipatayo mara mia nane na zaidi. Molekuli ya naitrojeni, ambayo ndiyo sehemu 78 katika kila sehemu 100 za hewa, haifiki upana wa nusu nanomita, na nanomita ni sehemu moja tu ya milimita iliyogawanywa mara milioni. Na baina ya molekuli hiyo na jirani yake mna nafasi tupu ipatayo karibu mara kumi ya upana wake. Ni ajabu gani basi, wao huuliza, ikiwa jicho halikuona vitu vidogo namna hiyo, vilivyotawanyika namna hiyo? Tarakimu hizi ni za kweli zote, wala sina ugomvi nazo hata moja. Ninachokikana ni kule kuzifanya kuwa chanzo cha jambo ambalo hazikulizaa, kwa maana mambo mawili kukutana mahali pamoja si burhani kwamba moja ndilo mzazi wa jingine.

Nianze na burhani ambayo naiona kuwa yatosha peke yake. Mwaka 1811 mtaalamu wa Turin aitwaye Amedeo Avogadro alitoa kauli, nayo imethibitika baadaye kwa njia nyingi, kwamba gesi za kila jinsi zikiwekwa katika ujazo mmoja, joto moja na mgandamizo mmoja, huwa na idadi moja ya molekuli. Zichukuliwe sasa chupa mbili zilizo sawa, moja ijazwe hewa na ya pili ijazwe klorini, katika chumba kimoja na joto moja. Molekuli za chupa hii ni nyingi kadiri ya molekuli za chupa ile. Nafasi tupu iliyo baina yake ni ile ile. Na udogo wake, ijapokuwa haulingani kabisa, ni wa daraja moja. Ikiwa uchache na udogo ndio uifichao hewa, haikosi klorini nayo ifichike. Lakini hewa haionekani, na klorini yaonekana waziwazi kwa rangi yake ya kijani iliyoingiliana na manjano, hata mtoto aliye mwisho wa darasa huiona.

Mpinzani atasema kwamba klorini ni nzito, kwani kila molekuli yake yashinda molekuli za hewa kwa uzito mara mbili na nusu. Na aitazame basi zenoni, gesi ambayo uzito wake wakaribia mara mbili ya ule wa klorini, nayo haina rangi yoyote na haionekani katika chupa kama isivyoonekana hewa. Na aitazame bromini, ambayo ni kimiminika katika joto la kawaida: mvuke unaosimama juu ya kimiminika hicho huwa haba, molekuli zake hazifiki theluthi ya zile za hewa iliyo katika nafasi sawa na hiyo, na pamoja na uhaba huo una rangi ya wekundu wa kahawia iliyokoza. Walioshuhudia jambo hili kwa msiba mkubwa ni askari waliokuwa karibu na Ypres, nchini Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, siku Wajerumani walipofungulia mitungi ya klorini na upepo ukaichukua hadi kwenye mahandaki. Waliliona wingu la kijani na manjano likitambaa juu ya ardhi kuwaelekea. Klorini hiyo ilikuwa imekwisha kuchanganyika na hewa, ikatawanyika zaidi kuliko ilivyokuwa mtungini. Ikaonekana iliyo chache, na hewa iliyoibeba, ambayo ndiyo iliyokuwa nyingi, isionekane. Rai ya wepesi ilipaswa kutabiri kinyume cha hayo.

Tuigeuze hoja upande wa pili. Ikiwa hewa hufichika kwa kuwa chembe zake zimeachana, basi tukizisonganisha itatubidi tuione. Wanafizikia walikwisha kuzisonganisha zamani: naitrojeni ikipozwa hadi nyuzi 196 chini ya sifuri hugeuka kimiminika, na msongamano wake huzidi ule wa gesi karibu mara mia saba. Kimiminika hicho, kikimiminwa katika bilauri, ni angavu kama maji safi na hakina rangi. Oksijeni yenyewe, igeukapo kimiminika katika nyuzi 183 chini ya sifuri, hupata samawati iliyo hafifu, nayo pia mtu aweza kuona vitu kupitia ndani yake. Wala hapana haja ya kwenda katika baridi ya namna hiyo ili kupata ushahidi, kwa maana maji ya mtungini, kioo cha dirisha, na almasi iliyo ngumu kuliko mawe yote, ni vitu vizito, vimejaa chembe zilizobanana bega kwa bega, na nuru hupita ndani yake bila kuzuiwa. Mwenye kudai kwamba msongamano ndio uletao kuonekana na atueleze kwanza kwa nini almasi hupitisha nuru, ilhali masizi ya chungu, ambayo nayo ni kaboni kama almasi, huimeza yote.

Ushahidi wa tatu uko jikoni na uko juu ya vilele vya milima. Katika siku ya joto la pwani, meta moja ya ujazo ya hewa yaweza kuwa na zaidi ya gramu 20 za maji yaliyo katika hali ya mvuke, na sisi twatembea ndani ya mvuke huo tukitoka jasho bila ya kuona hata chembe yake. Wingu jeupe lifunikalo Kilimanjaro kutwa nzima, hata wageni waliotoka mbali wakarejea kwao bila ya kukiona kilele, aghalabu halina hata gramu moja ya matone ya maji katika kila meta ya ujazo. Gramu 20 hazionekani, na isiyofika gramu moja yaficha mlima mrefu kuliko yote katika Afrika. Tazama vilevile mdomo wa birika linalotokota: sehemu iliyo karibu kabisa na mdomo, ambako mvuke ni mwingi na moto kuliko pengine pote, yaonekana tupu, na weupe huanza mbele kidogo, pale mvuke upoapo na kufanya matone. Yule aliyezoea kusema kwamba kisichoonekana ni kichache, hapa amepinduliwa kichwa chini miguu juu.

Najua atakalolisema baada ya hapo. Atasema: matone ni makubwa kuliko molekuli, kwa hiyo udogo ndio sababu, na mwenye makala amenijibia mwenyewe. La, sikumjibia. Ukubwa wa matone waeleza kwa nini ukungu ni mweupe, kwani nuru iingiapo katika tone hupinda na itokapo hupinda tena, ikatupwa huku na huku kwa rangi zake zote sawasawa. Bali kukosekana kwa matone hakutoshi kueleza kwa nini kitu kimekosa kuonekana, kwa sababu klorini haina matone, wala mvuke wa bromini hauna, na vyote viwili vyaonekana. Tena molekuli moja moja haionekani katika kitu chochote duniani, iwe ya jiwe, ya damu au ya rangi iliyotiwa katika kanga. Hata hivyo wekundu wa kanga twauona kutoka ng'ambo ya barabara. Kushindwa kuitenga chembe moja ni jambo mbali, na kushindwa kuona kundi la chembe ni jambo mbali, na rai tunayoipinga imejengwa juu ya kuyachanganya mambo haya mawili.

Ikiwa tumeibomoa nyumba, yatupasa tujenge nyingine mahali pake. Msingi wake uliwekwa zamani na Ibn al-Haytham, mwanachuoni wa Basra aliyefanya kazi zake kubwa Misri na kufariki huko yapata mwaka 1040, ambaye katika Kitab al-Manazir aliipinga itikadi ya wale waliosema kwamba jicho hutoa miale yake ikaenda kuvigusa vitu, akathibitisha kwamba kuona hutendeka kwa nuru itokayo kwenye vitu na kuingia jichoni. Likubalike hilo, na swali letu hubadilika sura mara moja. Halitakuwa tena swali la jicho kupenya au kutopenya, kwani jicho halitumi kitu chochote. Litakuwa swali la nuru: nuru ipitapo katika gesi, je, gesi huitenda nini? Kitu kisichotoa nuru yake chenyewe hujulikana kwa macho kwa moja ya mambo matatu: ama humeza baadhi ya rangi na kuacha nyingine, ama hupindisha njia ya nuru, ama huitawanya pande zote. Kisichotenda hata moja katika matatu haya, kiwe kizito au chepesi, hakitaonekana milele.

Nuru tuionayo ni mawimbi ambayo urefu wake ni tangu nanomita 400 hivi, upande wa urujuani, hadi nanomita 700 hivi, upande wa wekundu, na kadiri wimbi lilivyo fupi ndivyo nishati yake ilivyo kubwa. Ili gesi iimeze nuru, hazina budi elektroni zilizomo katika molekuli zake zipokee nishati ya nuru hiyo na kupanda daraja; na elektroni hazipokei kiasi chochote zipewacho, bali mfano wake ni mfano wa mwenye duka ashikaye bei moja, asiyepokea pungufu wala hana chenji ya kurudisha zaidi, kwa hiyo mteja aliyekuja na fedha isiyolingana hupita na fedha yake mkononi. Katika naitrojeni, ambayo atomu zake mbili zimefungamana kwa mafungamano matatu yaliyo imara mno, bei hiyo ni ghali: gesi hii humeza kwa nguvu mawimbi mafupi tu, yaliyo chini ya nanomita 100 hivi. Oksijeni humeza kwa nguvu yaliyo chini ya nanomita 200 hivi. Agoni, ambayo ni karibu sehemu moja katika mia ya hewa, nayo haihitaji kitu chochote kilichomo baina ya urujuani na wekundu. Nuru yetu yote yafika kwa gesi hizi ikiwa na nishati haba kuliko itakiwayo, nazo zaiacha ipite kama ilivyokuja. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kutoonekana kwa hewa, na ndani yake uzito haukutajwa wala idadi haikutajwa.

Sababu hiyo hiyo ndiyo ielezayo kuonekana kwa gesi zenye rangi, na hapa ndipo ubora wake unapodhihirika, kwa maana sababu ya kweli yapasa ifungue milango yote miwili. Angalia jamaa ya klorini. Florini, iliyo ndogo kuliko wote, humeza zaidi mawimbi mafupi yaliyo ng'ambo ya urujuani na kugusa kidogo tu nuru yetu, kwa hiyo rangi yake ni manjano iliyopauka. Klorini, iliyo kubwa zaidi, humeza urujuani na sehemu ya samawati, na kinachobaki chatufikia kikiwa kijani na manjano. Bromini, iliyo kubwa kuliko klorini, humeza samawati na sehemu ya kijani, ukabakia wekundu wa kahawia. Iodini, iliyo kubwa kuliko hao watatu, mvuke wake humeza kijani na manjano, ikatuachia zambarau. Kadiri atomu zinavyokua na elektroni zake kushikwa kwa ulegevu, ndivyo nishati itakiwayo ipunguavyo na kuteremka kutoka nuru tusiyoiona hadi ile tuionayo. Mpangilio huu mzuri hauna maana yoyote kwa mtu anayeamini kwamba gesi hufichwa na wepesi.

Lakini bado tumesema nusu ya jambo, kwa sababu kila kutoonekana kuna pande mbili, na upande wa pili ni jicho lenyewe. Mwaka 1856 mwanamke wa Marekani, Eunice Foote, alijaza mitungi ya kioo kwa hewa za namna mbalimbali, akaiweka juani, akaona kwamba ule uliokuwa na hewa ukaa, ambayo wanakemia waiita kaboni dayoksaidi, ulipata joto kuliko mingine. Miaka mitatu baadaye, katika Royal Institution ya London, John Tyndall alianza kupima kwa ala alizozitengeneza mwenyewe namna gesi zinavyozuia mionzi ya joto, ile iliyo ng'ambo ya wekundu. Akakuta kwamba oksijeni na naitrojeni huiachia ipite karibu yote, ilhali hewa ukaa na mvuke wa maji huizuia, nazo kwa macho ni angavu sawasawa na wenzao. Mionzi ya joto yenye wimbi la nanomita 4,300 humezwa na hewa ukaa kiasi kwamba katika hewa ya kawaida haivuki uwanja wa mpira. Lau macho yetu yangeona kwa wimbi hilo peke yake, mchana wetu wote ungekuwa wa utusitusi, na hapana mtoto ambaye angemuuliza mwalimu kwa nini hewa haionekani. Gesi ni ile ile, wepesi wake ni ule ule. Kilichobadilika ni nuru iliyotumiwa kuitazama. Hata leo mafundi wa mabomba hutumia kamera za mionzi hiyo, wakaona methani ikivuja mahali ambapo macho yao yanashuhudia uwazi mtupu.

Na kwa nini macho hayakupewa sehemu ya mionzi hiyo? Wapo wajibuo kwamba yaliumbwa hivyo makusudi, ili hewa isituzuie kuona vitu vingine, na baada ya kusema hivyo hukaa kimya wakidhani wamemaliza. Mimi sina nia ya kushindana na mtu juu ya hekima ya Muumba. Nasema tu kwamba kutaja faida ya jambo siko kueleza namna lilivyotendeka, na namna hiyo yajulikana. Jicho limejaa maji, na maji hupitisha vizuri nuru ile tuionayo, bali huimeza mionzi ya joto yenye mawimbi marefu ndani ya unene usiofika milimita moja, kwa hiyo mionzi hiyo hukomea juu ya mboni. Jua nalo hutoa nguvu zake nyingi katika jirani ya mawimbi hayo hayo tuyaonayo. Mnyama atakaye kutambua joto la windo lake imembidi apate ala nyingine, na chatu wa nyika zetu anayo, nayo ni vishimo vilivyo pembezoni mwa mdomo wake, wala si macho.

Yamebaki majibu kwa hoja moja ambayo naiheshimu kuliko zote zilizotangulia, ijapokuwa wenye rai ya wepesi hawaitumii mara nyingi. Yaweza kusemwa: hewa ikiwa nyingi sana huonekana, kwani anga ni samawati, na milima ya Usambara ikitazamwa kutoka mbali, siku isiyo na vumbi, hufunikwa na samawati hiyo, basi uchache ndio uifichao, na wingi ndio uifichuao. Ni kweli kwamba hewa huonekana kwa njia hiyo. Mwaka 1871 John William Strutt, aliyekuja kuitwa Lord Rayleigh, alionyesha kwamba chembe ndogo mno kuliko wimbi hutawanya mawimbi mafupi zaidi kuliko marefu, kwa kadiri kwamba samawati ya nanomita 450 hutawanywa karibu mara sita zaidi ya wekundu wa nanomita 700. Anga la samawati ni hewa yenyewe ikionekana, na aliye na shaka na akumbuke waliyoyakuta watu wa Apollo 11 mwezini, Julai 1969, ambako jua lilikuwa likiwaka na anga ni jeusi, kwa kuwa hapakuwa na hewa ya kuitawanya nuru.

Nakiri basi kwamba katika kutawanya nuru, wingi una sehemu yake. Lakini wingi huo ni wa urefu wa njia ambayo nuru husafiri, nao hautofautishi gesi na gesi kwa namna iwezayo kuipa chupa moja rangi na kuinyima nyingine. Fauka ya hayo, chembe zikisonganishwa kuwa kimiminika, mawimbi yanayotawanywa nazo hugongana na kufutana, kwa hiyo mtawanyiko wa kila chembe hupungua badala ya kuongezeka. Rai ya wepesi yasema kwamba hewa ikibanwa itadhihirika. Maumbile yasema kwamba ikibanwa, kila chembe yake huchangia haba zaidi katika kudhihirika kwake. Hoja niliyoiheshimu yageuka kuwa shahidi upande wangu.

Na kama hewa hutawanya, vilevile hupindisha. Nuru iingiapo katika kioo cha kawaida hupunguzwa mwendo kwa kadiri ya moja na nusu. Katika maji, kwa kadiri ya 1.33, katika hewa, kwa kadiri ya 1.0003 tu. Kiasi hicho ni kidogo, nacho chatosha kuyafanya mazigazi juu ya lami wakati wa adhuhuri, na kuzifanya nyota zimetemete. Chatosha pia kufanya jambo ambalo wenye ilimu ya falaki wamelihesabu kwa muda mrefu: jua tulionalo jioni limegusa upeo wa bahari, kwa hakika limekwisha kuzama lote, na hewa ndiyo iliyoipinda nuru yake na kulinyanyua machoni petu kiasi cha dakika 34 za nyuzi, ambacho chazidi upana wa jua lenyewe. Wanaotunga jedwali za nyakati za sala huhesabu maghribi kwa kulichukua jua kuwa dakika 50 chini ya upeo, na 34 katika hizo ni za hewa. Kitu ambacho waumini wasubiri kazi yake kila siku ya mfungo ili wafuturu, vipi kitaitwa kitu kisichoonekana?

Asije mtu akadhani kwamba haya ni mabishano ya wenye nafasi, yasiyomfaa mwenye shughuli zake. Rai mbovu huzaa mwenendo mbovu, na mtu aliyefundishwa kwamba gesi haionekani kwa sababu ni nyepesi na chache, atadhani bila ya kuambiwa kwamba kisichoonekana kitapaa juu na kupotea, au ni kidogo kiasi cha kutodhuru. Gesi ya kupikia iliyo katika mitungi yetu ni propani na butani; haionekani, nayo ni nzito kuliko hewa tangu mara moja na nusu hadi mara mbili, kwa hiyo ikivuja hulala sakafuni ikingoja cheche. Haina hata harufu yake yenyewe. Ile tuisikiayo hutiwa kwa makusudi. Gesi isiyotiwa harufu ndiyo iliyolipuka tarehe 18 Machi 1937 katika shule ya New London, Texas, ikaua karibu watu 300, wengi wao watoto, na baada ya msiba huo jimbo lile likatunga sheria ya kuitia harufu. Jiko la mkaa lililokwisha kushika moto na kuacha kutoa moshi, likaingizwa chumbani usiku wa baridi na mlango ukafungwa, hutoa kaboni monoksidi, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara mia mbili na zaidi. Aliyelala karibu nalo hakuona moshi, akajihesabu salama, na asubuhi haamki. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 hewa ukaa ilifoka kutoka ziwa Nyos, nchini Kamerun, ikateremka mabondeni kwa kuwa ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, ikaua watu wapatao 1,700. Kandokando ya ziwa Kivu, wenyeji wa Goma wanayajua mabonde madogo wayaitayo mazuku, ambamo gesi hiyo hiyo hutuama na kuua mifugo na watu walioingia bila ya kujua. Nao hawakuhitaji kitabu kuwafundisha kwamba kisichoonekana chaweza kuwa kizito na kingi.

Rai hiyo hiyo ndiyo isemayo leo, katika majadiliano ya tabianchi, kwamba haiwezekani hewa ukaa, gesi isiyoonekana, iliyopanda kutoka sehemu 280 katika milioni kabla ya zama za viwanda hadi kupita 420 hivi sasa, ikaupasha ulimwengu moto. Msemaji amelipima jambo la mionzi ya joto kwa macho yasiyoipokea mionzi hiyo, akautangaza upofu wake kuwa dalili. Tyndall alikwisha kumjibu zaidi ya miaka 160 iliyopita.

Vitabu vya shule vitaendelea kusema kwamba hewa haina rangi, haina harufu, haina ladha, na maneno hayo yatosha kwa mtoto wa darasa la kwanza. Aliye mkubwa kuliko huyo aambiwe ukweli wote, nao hauhitaji maneno mengi: gesi za hewa hazimezi nuru iliyo kati ya nanomita 400 na 700, huipindisha na kuitawanya kidogo mno kwa masafa mafupi, na jicho letu halipokei nuru nyingine isiyokuwa hiyo. Anayetaka kubaki na jawabu la wepesi ana haki ya kubaki nalo, kwa sharti moja tu: aiweke mezani chupa ya klorini kando ya chupa ya hewa, zenye molekuli sawa kwa idadi, kisha atueleze kwa wepesi wake kwa nini moja ina rangi na ya pili haina. Mpaka atakapofanya hivyo, rai yake si ilimu, ni mazoea.